Ombi la Kuazimwa Kipande cha Wyoming Chenye Ukubwa wa Jiko Letu

Kwa Mheshimiwa Katibu wa Jimbo la Wyoming,
Uandikishaji wa Kampuni.

Mheshimiwa,

Kabla hata ya salamu, naomba nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padri, ambaye Jumamosi iliyopita nilimpa dhambi mbili ndogo ndogo ili asiulize zaidi. Ni mimi niliyeichagua Wyoming. Sikushauriwa wala kutumwa na mtu. Nilikuwa peke yangu mezani, nikabonyeza.

Sasa salamu. Natumaini hujambo, na ng'ombe wenu pia. Sisi huku New Mexico hatujambo, ila si sana.

Naitwa Casilda Tafoya, nina miaka kumi na sita, na nina aibu. Darasani nikijua jibu humnong'oneza aliyekaa mbele yangu, yeye akapata sifa, nami nikapata amani. Nimesomeshwa katika shule ya lugha mbili, Kihispania asubuhi na Kiingereza mchana, na malipo yake ni kwamba kila karatasi ya serikali inayoingia nyumbani kwetu hutua juu ya daftari langu la aljebra. Baba yangu, Eloy, anazungumza lugha zote mbili vizuri kabisa, ila hajawahi kukubali kusoma fomu kwa lugha yoyote.

Baba anachoma pilipili. Tuna pipa la waya lenye fremu nyekundu, linazunguka juu ya moto wa gesi, na kila mwisho wa kiangazi watu hupanga foleni na magunia yao ya pilipili mbichi ili waondoke nazo zimeungua maganda, zinanukia mpaka barabara kuu. Mwaka huu kamati ya soko la Jumamosi imetoa sharti: kila mwenye moto lazima awe na kampuni iliyoandikishwa, ile yenye dhima ya kikomo. Yaani cheche ikiruka ikatua kwenye kofia ya mteja, mteja ataidai kampuni, hataidai nyumba ya bibi.

Basi jikoni kwetu kukawa na mkutano. Baba alisema, "Andikisha hapa hapa. Sisi tumezaliwa hapa, pilipili imezaliwa hapa, moto unawaka hapa. Kuna swali gani?"

Baba mdogo Onésimo, ambaye anauza matairi na anatazama video nyingi, alitingisha kichwa kama daktari. "Kaka, usiwe mshamba. Wakubwa wote wanaandikisha jimbo la Delaware."

"Huko Delaware wanachoma pilipili?"

"Hawachomi. Wanaandikisha tu."

"Basi waandikishe zao."

"Eloy, wewe ukipewa ndege ya abiria utauliza inakula majani gani."

Bibi Bersabé, mama yao, aliuliza kama huko Delaware kuna kanisa. Baba akavaa kofia yake, na akiwa mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi, akaniambia: "Wenye kampuni andika wawili. Mimi na wewe."

Mheshimiwa, niliona jina langu kwenye daftari la serikali, wazi kwa dunia nzima: Casilda Tafoya, mmiliki. Nilimwona Fidencio, anayekaa kiti cha nyuma kwenye basi la shule na kutafuta majina ya watu kwenye simu yake, akilisoma kwa sauti. "Mpisheni Mheshimiwa Mmiliki!" Nilijua nitaitwa hivyo mpaka nizeeke. Basi nami nikatafuta kwenye simu yangu, na bwana mmoja mwenye shati la bluu akasema kwenye video kwamba Wyoming haiweki majina ya wenye kampuni hadharani. Aliendelea kusema mengine kwa dakika ishirini. Mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimeshafika Wyoming.

Yafuatayo ndiyo malalamiko yangu.

1. Fomu yenu ni rahisi kupita kiasi. Niliijaza kwa muda wa kuchemsha mayai mawili. Haikuniuliza kama nimewahi kufika kwenu, wala kama baba anajua. Maktaba ya shule, nikitaka kuazima kitabu cha nyoka, hudai sahihi ya mzazi. Ninyi mnatoa kampuni nzima. Kama mngeweka swali moja tu gumu, mimi ningeogopa, ningefunga kompyuta, na leo tungekuwa na amani.

2. Mmetufanya wageni. Najua hamkukusudia. Kamati ya soko iliporudisha barua ilieleza kwa upole kwamba kampuni iliyozaliwa jimbo jingine, ikifanya kazi huku, inahesabika kuwa ya kigeni, na lazima ijiandikishe kama mgeni kabla ya Jumamosi. Kwa bahati mbaya fomu waliyoiambatisha ndiyo ya kwanza ambayo baba amewahi kuisoma mpaka mwisho. Mheshimiwa, akina Tafoya walikuwa wakinywesha mbuzi kwenye mto huu kabla jimbo lenyewe halijaitwa jimbo. Baba aliweka kalamu chini taratibu, kana kwamba ni yai.

"Mimi mgeni?" akasema. "Mgeni wa nani?"

Tangu Jumatatu pipa limefunikwa turubai. Baba amesema hatatia sahihi mahali palipoandikwa hivyo, na kama ni hivyo basi msimu huu hachomi. Leo ni Alhamisi. Pilipili haijui habari za sahihi, inazidi kuiva.

(Samahani kwa alama hii ya kidole. Nimesikia ndara kwenye korido nikaisukuma barua chini ya aljebra kabla wino haujakauka. Ilikuwa bibi tu, anakwenda kumwagia maua maji.)

3. Baba na baba mdogo hawasemeshani. Hili ndilo linaloniuma hasa, hata kama nimeliweka la tatu. Cheti chenu kilipofika, baba alikitazama, kisha akamtazama mdogo wake.

"Umemnong'oneza mtoto!"

"Mimi? Mimi nilisema Delaware! Ni wewe umechagua jimbo la tatu ili tu usinifuate mimi!"

"Wyoming! Mimi nimeitoa wapi Wyoming, Onésimo? Mimi nikifika Albuquerque tu naumwa kichwa!"

"Hata ulipokuwa na miaka sita ulikataa baiskeli kwa sababu mimi ndiye niliyeipenda!"

Wakageuka wote wawili kunitazama. Nikasema, "Nilifuata nilivyoambiwa." Sikusema niliambiwa na nani. Kila mmoja akadhani ni mwenzake, akabeba kofia yake, na ikawa basi. Pipa letu linataka watu wawili, mmoja wa moto na mmoja wa kumimina magunia na kutaniana na wateja, na hao wawili ndio hao hao. Hata baba akitia sahihi leo, hana wa kumimina. Jumapili bibi alipika posole, ile supu yetu ya mahindi na nyama, ya watu kumi na mmoja, wakaja kumi, na bakuli la baba mdogo akaliweka mezani hivyo hivyo, likapoa. Hakuna aliyethubutu kuliondoa. Nililiondoa mimi. Ilinistahili.

4. Wakala. Sheria yenu inataka kila kampuni iwe na mtu huko kwenu wa kuipokelea barua. Tumempata kwa mtandao, ana chumba kimoja na nadhani kampuni elfu kadhaa humo ndani. Sina neno naye. Tatizo ni bibi. Kwetu anayekupokelea barua ni mtu wa nyumbani, anapelekewa chakula wakati wa mavuno na anaulizwa hali ya watoto. "Anaitwa nani huyo bwana? Ana mke? Huko baridi, anakula nini?" Nimeshindwa kumweleza. Ameshona kifuko, ametia pilipili kavu na biskuti za mdalasini, na anataka anwani. Mkipata malalamiko ya chafya katika jengo hilo, chanzo ni sisi.

5. Kwa hiyo, Mheshimiwa, baada ya kufikiri kwa siku nne, nimeona suluhisho ni moja nalo ni dogo. Naomba mtuazime kipande cha Wyoming. Nimepima kwa kamba: futi kumi na mbili kwa ishirini, ukubwa wa jiko letu. Mkikiweka chini ya pipa, kampuni itakuwa inafanya kazi kwenu, haitakuwa ngeni tena kwa mtu, na baba hatatia sahihi yoyote. Asubuhi ataingia Wyoming na thermosi yake ya kahawa, na saa kumi jioni atarudi New Mexico kuoga. Mnasemekana kuwa na ng'ombe wengi kuliko watu. Kipande hicho hakitaonekana kimepungua, labda ng'ombe mmoja asogee.

Najua katikati yetu kuna jimbo la Colorado. Nimelifikiria hilo. Mnaweza kupitisha kijia chembamba, inchi sita zinatosha, pembezoni, watu wa Colorado wasikikanyage. Wakikataa, tumeni udongo kwa posta, tutautandaza wenyewe. Ikishindikana hata hivyo, basi tuchukueni sisi. Tuko kumi na mmoja, farasi wawili, na mbwa mmoja ambaye tayari hamtii mtu yeyote wa jimbo hili. Tutahamia kwenu na pipa. Nimesoma kwamba pilipili yetu haioti huko kwa sababu ya baridi. Bibi amesema ataifunika kwa blanketi. Hajui ni kwa nini nilimuuliza.

Najua pia kuna njia fupi zaidi. Ningeweza kutoka humu chumbani, nivuke korido, niseme sentensi moja. Nimeijaribu kwenye kioo kwa lugha zote mbili. Katika Kihispania nalia, na katika Kiingereza inasikika kama mtu mwingine ndiye aliyekosea. Ndiyo maana nimeona ni rahisi zaidi kuhamisha mpaka wa Wyoming.

Naomba unisamehe kwa mwandiko huu. Kuna mabuti kwenye korido. Ni ya baba, huburuta kidogo la kulia. Kwa kawaida hupita moja kwa moja kwenda kwenye gari, ila sasa yanapunguza mwendo. Aljebra iko hapa karibu na mkono wangu, ni kitabu kizito, kinaficha vizuri sana.

Sikigusi. Barua naiacha hapa mezani, upande wa maandishi ukiwa juu.

Wasalimie wote ofisini, wasalimie wanaopiga mihuri, na yule wakala mwambie bibi anamuulizia.

Wako mtiifu, na kwa sasa mwananchi wenu nusu,

Casilda Tafoya
Mmiliki

N.B. Ijumaa, alasiri.

Mheshimiwa, tafadhali usitume udongo.

Baba aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani kwangu akaisoma tena namba tatu. Nilisubiri kelele. Akasema tu, "Wyoming nzima, kwa sababu ya aibu?"

Nikasema ndiyo, baba.

"Mwanangu, unadhani mimi kwa nini nakaa upande wa moto miaka yote hii? Gesi ina kelele. Hakuna anayekuja kuzungumza nami. Onésimo ndiye wa watu." Akaikunja barua vizuri. "Mimi ningekimbilia Alaska."

Kisha akampigia simu baba mdogo. Nilisikia upande mmoja tu: "Njoo. … Hapana, si Delaware. Wala si mimi. … Njoo nikusomee, utacheka." Baba alimsomea pale pale dirishani naye akacheka kweli, kwani alishafika uani kabla simu haijakatika. Bibi akapasha posole.

Leo asubuhi baba mdogo, kwa kuwa yeye ndiye wa watu, amepiga simu ofisi ya jimbo letu wenyewe kuuliza namna ya kuandikisha upya nyumbani. Mimi nikamnong'oneza aulize pia kuhusu majina ya wamiliki. Mwanamke wa ofisini aliyepokea akajibu kwamba huku kwetu fomu haiulizi majina ya wenye kampuni kabisa. Inataka jina la kampuni na mtu wa kupokea barua, basi. Baba mdogo alimwomba arudie, akaweka simu kwenye spika ili nisikie vizuri.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nilikwenda maili mia sita kukimbia swali ambalo nyumbani hakuna aliyekusudia kuniuliza.

Naomba malalamiko yangu yote yafutwe, la kwanza mpaka la tano, isipokuwa lile la chafya, kwa maana kifuko cha bibi kimeshapelekwa posta. Kampuni ya kwenu tunaomba mtufungie, tutajaza fomu yake. Ya huku imekubaliwa kabla ya chakula cha mchana, na anayepokea barua ni bibi, ambaye anataka kujua zitaanza kuja lini.

Turubai limeondolewa. Baba amesema kwa kuwa hakuna serikali inayolitaka jina langu, itabidi alitafutie mahali pengine, na mchana huu amelipaka kwenye bati la kukinga upepo ubavuni mwa pipa kwa rangi nyeupe, herufi zenye urefu wa ndama. Kesho soko zima litalisoma. Fidencio na mama yake huja kila mwaka na magunia mawili.

Nilimshikia baba kopo la rangi. Alipomaliza akarudi nyuma hatua tatu, akaniuliza inaonekanaje. Nikamwambia herufi ya mwisho ameibana sana kwenye kona. Aifute, aiandike tena, kubwa kama zile nyingine.