Fundi Cherehani na Mkato wa Pili

Enyi mliojaliwa masikio, sogeeni. Nanyi mlio na vyungu motoni, viepueni, maana habari hii ikishaanza haimngoji mtu akapakue. Nawasimulia fundi cherehani, bingwa wa uzi na sindano, mshinda mapindo, mtiisha vishikizo, jinsi alivyopanda ngazi mchana kweupe akaweka mkato mmoja katika sentensi ya Kiingereza, na dunia ikatulia.

Siku hiyo shule ilikuwa ikimuaga mwalimu wa Kiingereza, mzee mkali ambaye vizazi vyote vilimwita Mwalimu Milango. Jina hilo alilipata kwa fundisho lake: "Ukimtaja unayesema naye katikati ya sentensi, mfungie kwa mikato miwili, mlango wa mbele na mlango wa nyuma. Usimwache wazi, baridi itampiga." Fundi, enzi zake za sare na soksi, alikuwa akifunga wa mbele, wa nyuma akausahau. Kila daftari lilirudi na wino mwekundu: Mlango wa nyuma! Alama ya vema hakuipata kwa mzee yule hata siku moja, na jambo hilo lilimuuma hadi utu uzima.

Ndiyo maana alijitolea kushona bango la kumuaga, herufi nyeupe za kitambaa juu ya buluu: THANK YOU, TEACHER, FOR EVERYTHING. Herufi zote alizipitisha kwenye cherehani. Mkato wa pili tu aliubana kwa pini, apate kuushona mwisho kwa mkono wake, kwa heshima. Kisha, naam, akausahau tena.

Bango lilikwisha kutundikwa ukumbini, wageni wameketi, mwalimu yuko getini, fundi alipoinua macho akaona pini imebaki peke yake. Mkato umedondoka, haujulikani ulipo.

"Shemeji!" akamwita mdogo wa mumewe, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa akikariri hotuba. "Mkato wa pili haupo!"

"Kile kidudu? Nani atakiona?"

"Yeye atakiona!"

Ndipo shujaa akajifunga kibwebwe, akanena kwa sauti iliyotikisa viti vya plastiki: "Ewe shemeji, kitinda mimba wa mama mkwe wangu! Mimi niliyefunga zipu za mji mzima, leo nimwache mwalimu wangu wazi nyuma, mbele ya wageni? Haki ya Mungu, sikubali! Toa leso."

"Leso yangu ya jasho? Nina hotuba, shemeji!"

"Toa!"

Mkasi ukalia, leso ikatoboka. Fundi akaipanda ngazi ile yenye kuyumba, na mwenyekiti akaishikilia chini huku akiomba dua na kuidai leso yake kwa zamu. Sindano ikazama, ikaibuka, ikazama tena. Ikamchoma kidole, hakurudi nyuma. Alikuwa akikata uzi kwa meno mwalimu alipoingia.

Makofi yakalipuka, lakini mzee hakuyajali. Alirekebisha miwani, akalisoma bango polepole, neno baada ya neno, kama asahihishavyo mtihani. Macho yake yalipofika kwenye mlango wa nyuma yakakaa hapo.

"Nani kashona?"

"Mimi, mwalimu." Sauti ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita.

"Wewe? Wa mlango wa nyuma?"

"Ndiye mimi."

Mzee akapapasa mfuko wa shati, akachomoa kalamu nyekundu. "Daftari liko wapi?"

"Sina, mwalimu."

"Basi lete mkono."

Akamchorea kiganjani alama ya vema, kubwa, yenye mkia mrefu. Fundi akalia palepale wala hakujificha, na mwenyekiti, mwenye jasho tele na leso yenye tundu, akasoma hotuba ambayo hakuna aliyeisikiliza.

Iandikwe basi, na wajukuu wakaririshwe: siku ile mlango wa nyuma ulifungwa! Mkono ule haukugusa maji hadi kesho yake. Vyombo vya jioni vilioshwa na mumewe, naye aliviosha kimya, maana aliambiwa anahudumia historia.