Nusu ya Mwavuli

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefanya jambo. Naliandika sasa hivi kabla ujasiri haujaniishia.

Mama ni dobi. Dada hupiga pasi, nami nikitoka shule hukunja mashuka. Nyuma ya rundo la mashuka mtu haonekani, ila masikio yapo kazini. Leo Wakili, mteja wetu, alifuata mashati yake, akawa anamlalamikia Dada. Wazazi wake wanamtafutia mke, binti wa daktari. Kwa kubanwa akawaambia ana mchumba tayari. Wakafurahi! Wakasema amlete Jumamosi. Sasa amtoe wapi?

Dada alicheka kidogo, akaipiga pasi kola ileile mara ya tatu. Mwaka mzima kola za Wakili hupigwa mara tatu. Za wateja wengine, mara moja. Nani asiyejua? Wakili tu.

Nikachomoza kwenye mashuka. Nikasema Dada anaweza kujifanya mchumba, ni siku moja tu, hakuna atakayekufa. Wakili akasema angeshukuru sana, kama Dada hataudhika. Dada akaitazama pasi kana kwamba ndiyo itakayojibu. Kisha akakubali.

Alipoondoka nilivutwa sikio. Wale ni watu wa mageti na mazulia, Dada akasema, na nikimfanya kichekesho mbele ya yule kaka, nisimwite dada tena. Nikamwambia aniachie mimi. Kwa insha mimi ni wa kwanza darasani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Historia ya mapenzi yao imekamilika. Kurasa mbili. Utangulizi, kiini, hitimisho. Nimenakili mara mbili kwa mwandiko safi, nakala moja ya Dada, nyingine ya Wakili. Wakariri neno kwa neno, bila kutia chumvi.

Kazi ya Dada nimeiandika "shughuli za mavazi". Akauliza kwa nini nisiseme anapiga pasi. Nikamjibu kwamba huo ndio ukweli wenyewe, ila umevalishwa vizuri. Nilijisikia vibaya baada ya kusema hivyo. Lakini ni sentensi nzuri.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa! Mama ameiona nakala ya Dada. Ameisoma yote, amesimama, mikono ina povu. Alipofika pale nilipoandika kwamba mama wa msichana anaongoza kampuni ya usafi, akauliza kampuni hiyo iko wapi, akaombe kazi.

Sikuwa na pa kuuficha uso. Nilidhani ataichana. Hakuichana. Alimsikiliza Dada akiimba huko kwenye pasi, akanirudishia karatasi, akasema nikimliza huyo nitafua mablanketi mpaka niolewe.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Nilimsindikiza Dada. Nyumba ina sebule mbili, moja ya kukalia na moja ya kutazamwa. Baba wa Wakili ni jaji mstaafu. Hilo Wakili hakuniambia! Mama yake wanamwita Bi Mkubwa. Tuliwaamkia vizuri, tukala vizuri, sikudondosha kitu. Kisha Wakili akaitwa nje asogeze gari, na Jaji akamuuliza Dada walijuanaje.

Dada akakaa wima kama yuko mbele ya darasa. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, akasema. Nilisimama chini ya kibaraza, naye akanipa nusu ya mwavuli wake. Tangu siku hiyo moyo wangu haujapata likizo.

Safi kabisa! Hata koma nilizisikia.

Wakili akarudi. Jaji akamuuliza swali lilelile. Ilikuwa siku ya mvua kubwa, akasema Wakili. Nilisimama chini ya kibaraza, naye akanipa nusu ya mwavuli wake.

Alimalizia na ile likizo ya moyo.

Jaji akaweka uma chini. Akauliza, kwa upole wa kutisha, mwavuli ulikuwa wa nani. Kila mmoja akamnyooshea mwenzake kidole. Jaji akasema amekaa mahakamani miaka thelathini, na mashahidi wawili wakitoa ushahidi wa neno kwa neno, yupo wa tatu aliyeuandika. Akageuka kunitazama. Mimi midomo yangu ilikuwa bado inasoma.

Bi Mkubwa akamuuliza Dada, hebu mwanangu, hizo shughuli za mavazi ulizotutajia tulipokuwa tunakula ni zipi? Dada akamjibu wazi kwamba anapiga pasi. Hata shati alilovaa mwanao, mama, nimelipiga pasi mimi.

Wakili akafungua mdomo, akaufunga. Wakili mzima!

Kisha Bi Mkubwa akauliza kama tunafua na mapazia.

Tulienda kama wakwe. Tumerudi tumebeba mapazia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Dada hasemi nami. Ameyafua yale mapazia peke yake, hakutaka nishike hata pindo. Nikamwomba msamaha. Akasema kilichomuuma si pasi, pasi ni kazi yake. Kilichomuuma ni kwamba mimi ndiye niliyeanza kuionea haya.

Nililia kwenye mashuka safi. Mama amenirudishia niyafue upya.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Wakili amekuja, bila shati la kufua. Akamwambia Dada kwamba Jumamosi alipaswa kusema neno akashindwa, na anaona aibu. Hataki mchezo tena. Anaomba watoke kweli, wao wawili, wanywe chai, na baba yake amekwisha kuambiwa.

Dada hakurukaruka. Akasema hajui kama anamtaka mtu anayenyamaza. Apewe mpaka Jumapili afikiri.

Usiku alinisemesha, mara ya kwanza tangu Jumapili. Neno hili ni langu, akasema, usiliguse. Nikaapa. Nimeapa kwa moyo wote, na machozi yalikuwa ya kweli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku mbili, na Dada bado anafikiri! Nikitoka shule nimemkuta Wakili amesimama mbele ya ofisi yake, amekonda, tai imepinda. Akaniuliza kama kuna dalili yoyote. Ungemwona wewe ungefanyaje?

Nimemwambia Dada amekubali.

Naona aibu kubwa mno. Nimeiona kuanzia pale hadi nyumbani, njia nzima. Wakili anakuja kesho saa tisa. Dada nitamwambia saa nane na nusu, ili apate muda wa kutosha kufikiri.