Mahari Iliyoishiwa Waranti

Isansa, Mbozi

Kwa mshenga wetu, Mzee Moses, Tunduma

Ndugu yangu katika Bwana,

Bwana Yesu asifiwe sana. Goti lako linaendeleaje? Mama Ketrina anasema endelea kulikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, usiwasikilize wale vijana wa duka la dawa. Sisi tu wazima kwa neema, mahindi yamebeba, kahawa nayo haituaibishi. Kisichokuwa kizima hapa nyumbani ni kimoja tu, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Wewe ndiwe uliyekaa katikati yetu siku ya mahari. Utakumbuka nilitaja ng'ombe sita kwa binti yangu Ketrina. Mkwe wetu Gwamaka, kwa kuwa ni wakala wa forodha hapo mpakani na ng'ombe anawajua kwenye mishikaki tu, akaleta gari. Tena si gari la kubeba mtu na gunia lake. Gari la mbio, la injini ya turbo, lenye bomba nne za moshi. Ukasimama ukasema, "Baba Yesaya, hili lina nguvu za farasi mia tatu, na wewe uliomba ng'ombe sita tu!" Vigelegele vikapigwa, nami hesabu ile ikanilevya, mimi nisiyeonja hata togwa iliyolala. Ukaongeza kwamba lina waranti. Hukusema kwamba waranti yenyewe ingekwisha kabla ya mavuno.

Sasa, kwa heshima na upendo, malalamiko yangu ni haya:

1. Wiki ileile waranti ilipokwisha, iliwaka taa ya njano mbele ya usukani, yenye picha kama birika. Mpaka leo haijazimika. Fundi wa Tunduma alichomeka kompyuta yake, akasoma, akatikisa kichwa: "Mzee, hili limejaa makosa." Nikamwambia sote tumejaa makosa, lakini asubuhi tunaamka.

2. Halili majani. Linataka petroli ile ya bei ya juu, na oili linakunywa kwa siri: kijiti cha kupimia kikavu, na chini hakuna hata tone. Mlevi wa namna hiyo kanisani tungeshamtenga.

3. Tumbo lake liko chini kuliko la nguruwe mwenye mimba, na barabara yetu unaijua. Nililipakia gunia mbili tu za kahawa, likakalia tuta la shamba la jirani. Watoto wa shule ya Jumapili wakalisukuma huku wakiimba pambio la kuta za Yeriko.

4. Ng'ombe akikaa, huzaa. Ketrina nilimtoa bila waranti yoyote, naye ameshazaa mara mbili na anazidi kunawiri. Gari halijazaa hata pikipiki. Zao lake pekee ni mayai, maana kuku wa mama Ketrina amefanya kiti cha nyuma kuwa kiota.

5. Mchungaji ameliombea mara mbili, ya tatu amekataa. Anasema mafuta ya upako ni ya wagonjwa, si ya giaboksi. Jambo hili limeitikisa imani yangu. Si kwa Mungu, kwa mchungaji.

6. Hili ndilo linaloniuma. Kijana wangu Yesaya amempata Rozi, binti wa Mzee Deus wa Ibaba. Desturi unaijua, ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Mzee Deus anataka ng'ombe sita. Mimi sina, nina farasi mia tatu waliolala chini ya turubai. Nilipotuma watu wakamweleze habari za gari, akawajibu, "Mwambieni Osea, huku Ibaba hatukamui usukani." Yesaya siku hizi anakula ugali kama anayetafuna dawa. Na kuna mwalimu mmoja wa Itumba ameanza kupitapita kwa kina Rozi, naye ana ng'ombe wazima, wenye pembe.

Kwa hiyo ndugu yangu, naomba. Wazee wetu walikuwa na kanuni: ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazaa, muoaji huleta mwingine. Sikupata kusikia kwamba kanuni ile ina kikomo cha kilomita. Gwamaka alichukue gari lake, alete ng'ombe. Akishindwa, basi kila siku gari litakapolala gereji, Ketrina naye alale kwetu. Na kwa nilivyolizoea gari hilo, aje na masanduku yote. Akishindwa na hilo, aandike kwa mkono wake kwamba waranti inaendelea mpaka kifo kitutenganishe, mimi na gari, kama alivyoapa madhabahuni kwa mwanangu. Anayepokea mahari ana haki ya kitu kizima. Hilo nitalisema hata mbele ya baraza la wazee wa kanisa.

Msalimie shemeji Marta, wajukuu, na wote wanaoniulizia hapo Tunduma. Ketrina mwambie baba yake anampenda, asianze kufunga mizigo bado.

Nduguyo asiyechoka kukuombea,
Osea, baba Yesaya

N.B. Ningeandika upya, ila karatasi imekwisha. Mzee Deus amefika mwenyewe asubuhi hii, kuniambia uso kwa uso kwamba jibu lake ni hapana. Gari, sijui kwa roho gani, likawaka kwa mguso mmoja. Yesaya akampeleka mpaka lami na kurudi. Mzee amerudi bila kofia, amepakata kuku, anacheka kama kijana aliyetoka kipaimara. Amelikubali liwe mahari ya Rozi, na anataka mshenga uwe wewe. Aliniuliza ile taa ya njano ni ya nini. Nikamjibu inaonyesha kwamba injini ipo, na huo si uongo.

Kwa hiyo ng'ombe wasije. Na ile kanuni ya wazee nadhani niliikumbuka vibaya: kilichopokewa kimepokewa. Barua hii ichome, maana Mzee Deus akiipata hatakuwa na haja ya kuandika ya kwake, atabadilisha majina tu. Akikuuliza habari za waranti, wewe mtajie farasi.

Naomba unijibu upesi, Jumamosi anakuja kulichukua.