Mti Mbele ya Nyumba Yetu

Jumatano, 30 Aprili

Kesho kila nyumba ya kijiji yenye msichana itaamkia mti wa Mei: mrefu, umekatwa matawi, riboni kileleni, ishara kwamba kuna kijana anayemtaka aliye ndani. Kwetu, mwaka wa tatu sasa, tutaamkia nguzo ya umeme. Bibi anakosa raha. Shangazi Gizella kaniambia, Emőke, miaka kumi na sita si mchezo. Yeye umri huu alikuwa na miti miwili, na wachumba waliopigana hadi wakatumbukia mtaroni.

Ukweli: sijawahi kumtamani mtu. Si mvulana, si msichana, si yule mwimbaji ambaye picha zake zimejaa ukutani kwa rafiki yangu Dóri. Nimejipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo. Hamna kitu! Neno la hali hii nalijua kwa Kihungari cha nyumbani na kwa Kislovakia cha shuleni. Linanikwama kooni kwa lugha zote mbili.

Lakini nina mpango. Nitajisimamishia mti mwenyewe! Bibi ataridhika, Shangazi atanyamaza, nami nitakula kwa amani. Binamu yangu Zsombor ana trekta na hana maswali. Nimemhonga keki nzima ya mbegu za popi.

Alhamisi, 1 Mei

Umesimama! Mkubwa kuliko yote! Zsombor, zuzu yule, kapitiliza; kidogo tu uushinde mnara wa kanisa.

Baada ya misa kijiji kizima kikaja kuutazama. Nikajiweka tayari kuona haya kwa namna ya kupendeza. Hakuna aliyenitupia jicho. Bi Terka wa jirani akapaza sauti: wee Rozália, nani huyo kachanganyikiwa nawe uzeeni? Rozália ni Bibi. Mjane, miaka sabini na moja. Kijiji kimekata shauri: mti ni wake. Mimi hata hawakunifikiria!

Wanamshuku Mzee Lőrinc, mfuga nyuki. Ushahidi: alikohoa.

Jumamosi, 3 Mei

Nimetukanwa, lakini nimepona. Siku mbili hakuna aliyeniuliza habari za wavulana. Utani wote umehamia kwa Bibi. Dukani wanamwita bibi harusi. Amerudi bila chachu, amefura.

Jumapili, 4 Mei

Nimeringa mapema. Shangazi alikuja kula mchana, akamletea Bibi rangi ya mdomo, kisha akanigeukia: haya, hata bibi yako kapata mtu, wewe unangoja nini? Utampata wa kukufaa, utabadilika tu.

Kijiko kikanidondoka kwenye supu. Nikalisema. Neno zima, kwa Kislovakia kwanza, maana huko haya zangu ni chache. Kisha kwa Kihungari, lisije likapotea. Simtamani mtu. Siumwi. Sijaumizwa. Singoji.

Masikio yangu yaliwaka moto.

Shangazi akasema hayo ni mambo ya simu, zamani hayakuwapo. Bibi akaweka kijiko chini. Akasema yalikuwapo, Gizella, tena tele. Tuliyavika shela, tukayapeleka kanisani, yakalia njia nzima, nasi tukasema ni machozi ya furaha. Akaongeza kwamba asiye na njaa hasukumiwi sahani, na kuanzia leo atakayemsumbua mjukuu wake atakula kwake mwenyewe.

Kisha akanipakulia supu tena. Supu haihesabiwi kuwa kusukumiwa sahani.

USHINDI! Shangazi Gizella alisema vizuri, vizuri, akaosha vyombo. Hajawahi kuosha vyombo kwetu.

Jumatatu, 5 Mei

Nimemwambia na Dóri. Akasema, ndiyo hivyo tu? Alidhani nahama shule. Akaomba nusu ya mkate wangu. Nikampa wote! Leo ningempa hata viatu.

Jioni Bibi akafungua moyo. Na yeye hataki mwanamume. Alimpenda Babu, naye alimtosha. Sasa anataka redio yake na usingizi, na mti ung'olewe, unazibia nyanya jua. Alisema wazi, mara mbili, akinitazama machoni.

Nilimsikiliza kwa makini sana. Maskini, anaona haya.

Nimeshamwalika Mzee Lőrinc kula Jumapili. Nimemwambia mzee kwamba Bibi ndiye aliyemwita. Atakaa karibu naye kabisa, nami nitatoka kidogo kutafuta chumvi.