Ahadi Yangu ya Kutofia Ndani ya Nyumba Zenu

Tokie Ukita
Chumba namba 2, Nyumba za Asahina (zinazobomolewa)
Mtaa wa Kawazoe, Osaka
Tarehe 19 Februari

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Nyumba za Kupanga, Mtaa wa Kawazoe

Ndugu Mwenyekiti Tsukuda,

YAH: KUSUDIO LANGU LA KUTOKUFA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba baridi ya mwaka huu haijakuingia magotini. Mimi ni mzima kabisa, na ndiyo hasa sababu ya kukuandikia, kwa kuwa wanachama wako hawataki kuniamini.

Nina umri wa miaka sabini na sita na ni mjane. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mpishi katika shule ya msingi ya hapahapa mtaani, kwa hiyo watoto wa wanachama wako karibu wote wamekula mchuzi wangu, na baadhi yao niliwasimamia mpaka wakamaliza karoti. Nyumba ninayoishi ni ya mbao, imechoka, na mwenyewe ameamua kuibomoa kabla tetemeko halijamsaidia kazi hiyo. Simlaumu. Natakiwa kutoka ifikapo tarehe thelathini na moja Machi. Nisipopata chumba hapa mtaani, ofisi ya kata itanipeleka makao ya wazee kule milimani, saa mbili kwa treni, ambako simjui hata paka. Sitaki kwenda. Nalisema wazi mapema usije ukadhani naandika kwa mzaha.

Nilianza kutafuta mwezi wa Novemba, tena kwa utaratibu. Niliazima maktabani kijitabu kinachoeleza mambo ya kuzingatia unapotafuta nyumba ya kupanga. Kinasema uangalie kama dirisha linatazama kusini, ufungue bomba uone nguvu ya maji, ugonge ukuta ujue kama utamsikia jirani akipiga chafya, na utembee mwenyewe kutoka stesheni, usiziamini dakika za kwenye tangazo. Nilinunua kalamu nyekundu. Nilinunua na taulo sita, kila moja ndani ya karatasi yake, za kuwapelekea majirani wapya siku ya kuhamia. Mpaka leo nimewaona madalali tisa na sijafungua bomba hata moja. Kumbe inayokaguliwa si nyumba. Kwa heshima zote, nayaweka malalamiko yangu mbele yako kwa namba, kama wafanyavyo watu wanaotaka kujibiwa.

1. Kuhusu dalali Mizuguchi. Huyu ni kijana mwenye ofisi karibu na stesheni, anavaa suti inayombana na ana adabu mpaka inakera. Alinipa kiti, akanipa chai, akanionyesha kwenye kompyuta chumba kizuri cha ukubwa wa mikeka sita ya kutandika sakafu, hakina ngazi, dirisha la kusini. Tulipofika kwenye fomu, mahali pa umri, kalamu ikasimama. Akampigia simu mwenye nyumba palepale, nikiwa nimeshika kikombe. "Mteja ni mtu mzima kidogo… Hapana, mzima zaidi ya hapo… Ndiyo, peke yake… Anatembea, bosi, anatembea vizuri tu, kaja kwa miguu yake." Ungedhani ananadi ng'ombe. Kisha akaweka simu chini, akaniinamia mpaka nikakiona kipara kinachomwanza, akasema, "Bibi, samahani sana, chumba kimeshachukuliwa." Basi kilichukuliwa ndani ya dakika mbili, na mtu ambaye hakupita mlangoni. Tangazo lake bado lipo dirishani kwao. Leo asubuhi nimepita kulisalimia.

2. Kuhusu mdhamini. Wanachama wako wanataka mdhamini awe ndugu, awe na kazi, na awe chini ya miaka sitini na tano. Rafiki zangu wote tuna umri mmoja; ndiyo maana ni rafiki zangu. Ndugu niliyebaki naye ni mtoto wa kaka yangu, Yasutaka, aliyeko Sapporo. Alipopigiwa simu alisema, "Shangazi namheshimu sana, lakini mambo ya kusaini ni mambo mengine." Heshima hiyo nimeipokea. Nikashauriwa niende kwenye kampuni inayodhamini watu wasio na ndugu, na kampuni hiyo ikaniomba jina la ndugu.

3. Kuhusu maswali. Dalali wa nne ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Aliniuliza kama nina kisukari, kama naanguka, kama nasahau jiko, na nani atakuja kuchukua vitu vyangu "ikitokea". Nikamuuliza ikitokea nini. Akasema, "Ikitokea tu, mama, unanielewa." Nimegundua kwamba katika ofisi za madalali wenu neno kufa halitamkwi, ingawa siku nzima hakizungumzwi kitu kingine. Kabla yangu alihudumiwa kijana mwenye nywele za zambarau anayefuga chatu. Walipatana. Aliambiwa aongeze tu dhamana kidogo kwa ajili ya mikeka. Chatu hakuulizwa umri.

4. Kuhusu nyumba aliyofia mtu. Nimeambiwa kwamba mtu akifia ndani na akachelewa kuonekana, dalali anatakiwa kumweleza mpangaji anayefuata, na kodi hushushwa. Nikajiambia, Tokie, hapo ndipo pako. Angalau kuta zimeshazoea. Nilirudi kwa Mizuguchi nikamwomba chumba cha aina hiyo. Alitoa macho, akacheka, akaona mimi sicheki. "Bibi, hizo vijana wanazigombania. Ipo moja nyuma ya duka la baiskeli, nikampigia mwenyewe, kasema mmoja anatosha."

Chumba hicho nakijua. Alikuwa akikaa humo Bwana Kosaka, fundi saa mstaafu, aliyekuwa akisimama nyuma yangu bustanini kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tunapofanya mazoezi ya viungo yanayotangazwa redioni. Mwezi wa Agosti hakuja siku tatu, tukasema ana mafua. Hakuja wiki, tukasema kaenda kwa watoto. Hakuwa na watoto. Hili si lalamiko dhidi ya chama chako, Mwenyekiti, nimeliandika kwa sababu limenikaa rohoni na sikupata namba nyingine ya kuliweka.

5. Kuhusu mahali halali pa kufia. Nimelifikiria jambo hili kwa faida yenu. Chumbani hairuhusiwi, kwa sababu inashusha thamani. Nikasema basi nikijisikia vibaya nitatoka mlangoni. Lakini ukumbi ni wa wapangaji wote, na kanuni zenu zinakataza kuacha kitu chochote ukumbini, hata mwavuli. Ngazi ni njia ya kukimbilia moto. Sehemu ya baiskeli inahitaji stika. Barabara ni ya kata, na kata ina siku zake za kuzoa vitu vikubwa, Alhamisi ya pili ya mwezi, kwa kujiandikisha. Hospitali inapokea, lakini baada ya wiki mbili inakuuliza anwani ya nyumbani ikurudishe. Hapo tunarudi kwenye chumba. Nimezunguka mtaa huu wote kwa akili na kwa miguu, na sijaona mahali ambapo mwananchi mwenye adabu anaweza kufa bila kuvunja kanuni ya mtu.

6. Kwa hiyo nimeamua kutokufa. Naambatanisha ahadi niliyoiandika kwa mkono na kuigonga muhuri wangu, isemayo: Mimi, Tokie Ukita, naahidi kutokufa kwa muda wote wa mkataba, yaani miaka miwili, muda ambao unaweza kuongezwa kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nikikiuka, mwenye nyumba ana haki ya kunifukuza mara moja.

7. Hata hivyo, haki haiwezi kuwa ya upande mmoja. Nimeiona picha ya mkutano wenu wa mwaka mpya iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo ya mtaa. Wanachama ishirini na wanne, na sikuona kichwa cheusi ila kimoja, na hicho kimepakwa rangi. Nasikia wewe mwenyewe ulitimiza miaka themanini vuli iliyopita. Hongera sana. Lakini wengi wenu mnaishi ghorofa ya juu ya majengo yenu wenyewe, na mmoja wenu, Bwana Niwa, hupanda ngazi akipumzika kila hatua ya tano, huku wapangaji wake wakipita pembeni na mifuko ya soko. Huyu ikitokea, thamani ya jengo itakuwaje? Wapangaji wamekubali kuishi chini ya hatari hiyo bila kuambiwa.

Naomba basi chama kipitishe kwamba kila mwenye nyumba akifika miaka sitini na tano ahame katika jengo lake, au alete mdhamini mwenye kazi asiyezidi umri huohuo, ajibu mbele ya wapangaji maswali ya kisukari na jiko, na atembee kutoka stesheni huku mpangaji mmoja akimhesabia dakika. Mkishahama wote mtahitaji vyumba. Nendeni kwa Mizuguchi. Chai yake ni nzuri. Sitawacheka. Hapana, nitawacheka, lakini nikimaliza nitawaonyesha njia ya kwenda milimani.

Mwenyekiti, nimeandika kwa hasira na sijutii. Nimeishi mtaa huu miaka hamsini na mbili. Nalipa kodi kwa wakati, natenga taka kwa siku zake, nafagia hadi mbele ya mlango wa jirani. Sijui ni lini niligeuka kuwa uvundo unaosubiriwa. Nataka chumba kimoja, bomba, dirisha, na ukuta ambao nyuma yake kuna mtu. Kama hilo ni kubwa mno, nijibu kwa maandishi, nami nitaweka jibu lako pamoja na taulo.

Nisalimie mkeo, na umwambie figo zake azilinde na baridi. Nisalimie wanachama wote ishirini na wanne, hasa aliyepaka rangi nywele. Nisalimie Mizuguchi ukimwona, na yule kijana wa chatu, na chatu mwenyewe, ambaye natumaini amezoea makazi mapya.

Wako katika uhai, kwa miaka miwili kamili,

Tokie Ukita (muhuri)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshabandika stempu simu ikalia. Mizuguchi. Huwezi kuamini, alikuwa anapiga kelele kama kashinda bahati nasibu: "Bibi, nimepata! Nimepata!" Mama mmoja muuza tofu ya soya ana vyumba viwili nyuma ya duka lake, dirisha kusini, na hajali umri. Sharti lake moja tu: wakae watu wawili, ili kila asubuhi mmoja amwone mwenzake. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, nikalia kidogo, namshukuru yule kijana.

Habari hapa haikai. Nusu saa haikupita akaja Dada Fusae Hirose wa chumba namba tatu, ambaye naye anabomolewa. Ana miaka themanini na mitatu, na tumesuguana migongo kwenye bafu la mtaa kwa miaka ishirini. Kaja na sahani ya figili aliyoitia chumvi mwenyewe. "Tokie, mdogo wangu," akasema, "kile chumba cha pili sitakuwa mzigo, mimi hata redio sifungulii sauti." Niliipokea sahani. Nikamtazama anavyovua viatu huku ameshika ukuta, nikajisikia namuuliza kile kikohozi chake kina muda gani, na kama binti yake wa Nagoya anaweza kusaini mahali. Akavaa viatu vyake tena, pole pole, nami sikumwinukia.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, naomba malalamiko haya yasisomwe mkutanoni. Badala yake, kama kuna mwanachama anayemfahamu mwanamke mwenye afya, asiyezidi miaka sitini, asiyekohoa, anayetafuta chumba, naomba jina lake haraka. Sahani ya Dada Fusae iko hapa mezani. Hapa kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, na tangu mchana nimesimama jikoni sijui niweke nini.