Mionzi Ng'ambo ya Barabara

Jumatatu, 12 Januari

Nimempoteza Dona Iracy. Leo, saa tatu asubuhi, kahawa yake ikiwa bado inatoa mvuke. Mgeni wangu wa kila Januari: mwalimu mstaafu kutoka milima ya Minas, mjane, magoti mabovu, ulimi mzima. Amebeba begi lake la maua, amevuka barabara, ameingia nyumba ya wageni ya mshindani wangu, Gumercindo. Hakuangalia hata magari.

Chanzo ni bango. Gumercindo ametundika bango jipya linalotazama pwani: HAPA MCHANGA WENYE MIONZI MARADUFU. Maradufu! Watu huja hapa Guarapari kujifukia katika mchanga mweusi, wengine magoti, wengine mpaka shingoni, na huapa kwamba maumivu hupungua. Magoti ya Dona Iracy nimeyafukia mimi kila Januari tangu afiwe. Kwa koleo langu. Naujua unene anaoupenda, goti la kushoto zaidi kidogo. Gumercindo anafukia watu kama anapanda mihogo.

Nilimuuliza Dona Iracy kosa langu. Akasema nisinune, magoti yake hayakuniapia kiapo. Nikamkumbusha kwamba nyumba hii nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, bila mjomba wala benki. Akasema anajua, nilimwambia mwaka jana. Na mwaka juzi.

Mchana nimepika moqueca, mchuzi wetu wa samaki, ya watu wawili. Mazoea. Chungu hakijapata habari.

Jumanne, 13 Januari

Mpango! Gumercindo lazima aumbuke kwa tarakimu. Chumba cha nyuma amepanga binti wa chuo kikuu, Rosângela, msomi wa fizikia, amekuja kupima mchanga wetu. Ana kifaa kinacholia tik, tik kila mionzi inapopita. Nimemwahidi mkate wa jibini kila asubuhi akinipimia sehemu yangu ya ufuko na ya Gumercindo. Akasema angepima hata bila mkate. Nimeshaukanda, sitaurudisha unga dukani.

Matokeo. Kwangu: milio arobaini kwa dakika. Kwa Gumercindo: mia tatu.

Nimemwomba arudie. Amerudia. Mia tatu na nne.

Kwa hiyo bango linadanganya! Si maradufu, ni mara saba unusu! Mpuuzi hajui hata kujisifu.

Rosângela akanieleza kwamba mchanga mweusi una thoriamu, nao ni mzito. Wimbi huubwaga kwenye pembe ya miamba, mbele ya Gumercindo, na mwepesi huja kwangu. Yaani bahari yenyewe imenunuliwa. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba yeye hapimi magoti, na sayansi haijaahidi goti la mtu yeyote chochote. Nikamwambia asiseme hayo karibu na wageni. Akauliza wageni gani.

Jumatano, 14 Januari

Mpango wa pili. Kutoa mchanga ufukoni ni marufuku. Sawa. Kuusogeza ufukoni hakuna aliyekataza. Nimeamka alfajiri na toroli, nikauhamisha mchanga mweusi kutoka kwenye miamba hadi kwangu. Mgongo umelia kuliko kifaa. Saa nne, kwangu: milio mia moja na themanini! Nilitaka kumkumbatia mtu. Hakukuwa na mtu. Nikalishika toroli.

Gumercindo alikuwa ameniangalia muda wote akiwa kwenye bembea, kikombe mkononi. Akapaza sauti kwamba nikimaliza mchanga nisisahau kuihamisha na bahari. Meza yake nzima ikacheka. Na Dona Iracy akacheka. Naijua sauti yake hata ikiwa katikati ya kumi.

Jioni maji yalijaa. Kwangu: arobaini na moja. Faida ya mlio mmoja. Sitaidharau.

Jumamosi iliyopita ningemsimulia Dona Iracy haya yote. Nimemsimulia paka. Si paka wangu, ni wa Gumercindo.

Alhamisi, 15 Januari

Mchanga basi. Rosângela anasema mionzi ina vyanzo vingi: mawe, ardhi, hewa, vyakula, anga lenyewe. Nimemuuliza kama ya angani inamwangukia Gumercindo zaidi. Akasema sawasawa. Nimeiondoa katika hesabu.

Nimekiandaa chumba cha Dona Iracy kiwe chumba cha mionzi. Kibao cha itale kutoka dirishani: kifaa kikachangamka kidogo. Mkungu wa ndizi, kwa ajili ya potasiamu: kikanyamaza. Njugu za Pará, ambazo mti wake hunyonya radiamu ardhini: Rosângela akasema zinahitaji mashine kubwa na subira. Nimezila.

Mwisho nikaleta saa ya marehemu baba, ya mezani, yenye mishale inayong'aa gizani. Lo! Kifaa kililia kama mafuta ya kukaangia samaki. Nikapiga makofi. Rosângela hakupiga. Akaninyang'anya saa na kuuliza kama nimewahi kuifungua. Rangi ya mishale ni ya radiamu. Akanipa somo, mimi nimesimama kama mtoto aliyevunja sahani. Mionzi ya alfa huzuiwa na karatasi, hata na ngozi. Ya beta huzuiwa na kipande chembamba cha alumini. Ya gamma hupita hivyo vyote, mpaka ikutane na madini ya risasi au ukuta mnene. Lakini alfa isiyopita karatasi, ukimeza au ukivuta vumbi lake, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana imeshaingia ndani. Nikasema ndiyo Gumercindo huyo. Akasema hapana, Bwana Ozório, ni saa. Ameifunga vizuri, anaipeleka chuoni kwa watu wenye mahali pa kuihifadhi.

Sasa sebule haina hata mlio wa saa.

Akiwa mlangoni akasema jambo moja la ajabu. Kwamba binadamu naye ni chanzo, kwa potasiamu iliyo mwilini, na watu wawili wanaolala karibu hupeana mionzi kidogo sana usiku kucha. Nimepiga hesabu. Nyumba ina vyumba sita na chanzo kimoja na nusu. Nusu ni Rosângela, anaondoka Jumamosi.

Ijumaa, 16 Januari

Mafanikio! Dona Iracy amekubali chakula cha jioni. Nimevaa shati la kola. Nimeazima kifaa.

Amekuja na kitambaa cha buluu. Nimempa maelezo kamili: thoriamu, alfa, beta, gamma, wimbi, miamba. Nimempima. Nimeupima na wali. Akaweka uma chini na kusema hakuhama kwa ajili ya bango, bango hakulisoma, miwani ilikuwa begini. Alihama kwa sababu kwa Gumercindo watu wanaongea mezani. Akasema miaka yote hii nimemfukia magoti vizuri kuliko daktari, na miaka yote hii, ifikapo siku yake ya kuondoka, sijawahi hata mara moja kumwambia abaki siku moja zaidi. Akanitazama. Muda mrefu.

Nimeelewa mara moja. Tatizo ni meza. Ya Gumercindo ni kubwa.

Jumamosi, 17 Januari

Nimenunua meza ya watu kumi na wawili. Wabebaji wameiacha sebuleni, wamekataa kahawa, wana haraka. Rosângela naye ameondoka asubuhi na kifaa chake na saa ya baba. Aliniambia nijiangalie, na nivuke barabara, haina mionzi. Watoto wa siku hizi!

Nimeijaribu meza. Nimekaa viti vyote, kimoja baada ya kingine. Vyote vizuri. Ukikaa cha mwisho humwoni aliyekaa cha kwanza vizuri, lakini hilo si tatizo kwa sasa.

Saa kumi na moja Dona Iracy amesimama langoni. Hakuingia. Akasema basi lake la Minas ni kesho saa nne asubuhi, lakini tiketi inabadilishika, na huko nyumbani hakuna anayemngoja ila mimea. Akauliza, taratibu kabisa, kama kuna kitu nataka kumuuliza.

Kilikuwepo! Tangu Jumatatu kinanichoma kifuani. Nikamuuliza Gumercindo ana wageni wangapi, jumla, kuanzia tarehe mosi.

Akacheka mpaka akashika lango. Halafu akaacha kucheka, akaniita Ozório mpumbavu wangu, akavuka barabara polepole, goti la kushoto likimsumbua. Hakujibu.

Sikubali. Nimeuliza swali la wazi kwa adabu. Ana wageni wangapi? Nataka jibu la moja kwa moja, tarakimu tupu, kabla ya saa nne kesho asubuhi.