Kuku wa Bwana Afya

Leo nimejivua nguo mbele ya serikali. (Nguo nilikuwa nazo, tena koti jeupe lililopigwa pasi.) Nawaambia mwenyewe kabla Mama Awuor hajafika hapo sokoni Kibuye, kwa sababu yeye akisimulia ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Mnajua kikundi chetu cha akina mama huku Kombewa. Tunapanda njugu bila dawa, bila mbolea ya dukani, tunapalilia kwa mkono mpaka mgongo unalia, halafu tunazikaanga na kuzisaga siagi. Kuna mwenye duka huko Milimani alionja akalamba kijiko. Akasema atachukua yote. Lakini bila cheti cha afya, hata chupa moja haingii dukani kwake. Na mimi ndiye niliyewashawishi wenzangu waache kuuza njugu kwa magunia. Tukikosa cheti, lawama ni zangu peke yangu.

Basi nikageuka askari wa usafi. Njugu zenye kuvu tukachambua moja moja. Chupa tulizoomba kwa nyumba za watu nikachemsha. Nikapigania chumba cha kupakia kiwe na wavu dirishani na mlango wa komeo. Mbuzi wakahamishwa, kuku wote wa boma nikawapeleka kwa shemeji. Aliyetaka kuingia bila kuosha mikono nilimrudisha, hata mama mkwe wangu. (Hajanisemesha tangu Jumapili.)

Sasa kuna jambo moja ambalo sisi hatuliwezi. Mgeni wa maana afike kwako halafu aondoke mikono mitupu? Utawaangalia watu na macho gani? Kwa hivyo tulibakisha kuku mmoja, jike jekundu lililonona, wa kumpa Bwana Afya, yule afisa wa kutoa cheti, akimaliza ukaguzi. Mama Awuor, mwenyekiti wetu, alikuwa amemshika kwapani akiningoja nilete kamba.

Tukasikia Land Rover. Jamani, ni lini mmeona afisa akija mapema? Mama Awuor akanisukumia kuku, nimfiche haraka asije akaonekana bomani. Jikoni hakuna mlango. Nyumbani kwangu ndiko mgeni atakakoketi. Mlango unaofungika ulikuwa mmoja tu, ule niliopigania. Nikamfunga kuku miguu mbio mbio, nikamtia ndani, nikapiga komeo. Nikaona nimetumia akili.

Bwana Afya alikuwa kijana mpole. Akakagua kisima, akakagua choo, akatazama vichanja vya kuanikia njugu. Kila mahali anaitikia kwa kichwa tu. Mimi nikaanza kuvimba. Kabla ya kuingia upande wa kusaga nikamfunga leso ya maua kichwani, na akakubali kama mtoto. Sifa zilinilevya hata nikasahau kuku kabisa. Nyuma yangu Mama Awuor anakohoa, anakohoa tena. Nikamgeukia nikamwonya kwamba karibu na chakula hapakoholewi.

Tulipofika mlango wa chumba cha kupakia, mdomo ukanitangulia.

"Humu, Bwana, hata nzi akitaka kuingia lazima aniombe ruhusa."

Nikafungua komeo.

Kuku alikuwa amesimama katikati ya sinia la njugu zilizokaangwa. Kamba imebaki mguu mmoja. Alituangalia kama sisi ndio tumeingia bila kunawa. Na pembeni yake, juu ya njugu, yai.

Wuololo!

"Mama," Bwana Afya akauliza polepole, "huyu kuku ni wa nani?"

Ningesema ni wa jirani. Ningezirai. Lakini mimi uongo hauniji haraka.

"Ni wako."

Mama Awuor akadakia kuniokoa. "Ni zawadi tu, Bwana. Na yai pia."

Sasa tukawa na makosa mawili, uchafu na hongo.

Kijana akamtazama kuku, akalitazama yai, leso yake ya maua kichwani. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka leso ikateleza. Akasema mama yake naye ni hivyo hivyo, hajui kumwacha mgeni aende bure. Kisha akapangusa macho, akawa serikali tena. Lile sinia litupwe lote. Chumba kioshwe upya. Atarudi Alhamisi, na asikute hata unyoya.

"Na kuku sichukui," akasema. "Mkishapata cheti, nikija siku moja kama mgeni wa kawaida, hapo tutaongea."

Land Rover ilipoondoka niliketi chini karibu na ule mlango, machozi yananilenga. Nilingoja matusi. Haki ningeyapokea. Badala yake nikasikia ndoo. Wamekuja wenzangu wote, wanacheka mpaka wanamwaga maji. Mbele yao mama mkwe wangu. Akainama kwenye karai, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaniinulia nione.

"Sasa naruhusiwa?" akaniuliza.

Hapo ndipo nilipolia kweli. Nawapenda hawa akina mama, hata Mama Awuor na domo lake.

Kuku tumempeleka kwa shemeji, akatage huko. Kombewa nzima ni yeye peke yake anayengojea cheti cha afya ndipo asafiri. Haya, chekeni. Lakini muoshe mikono kwanza.